Naomba ushauri: nyayo za mama zinawaka moto, je, ni chakula?

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mama yangu ana miaka 68. Kwa miezi kadhaa sasa nyayo zinamuwaka moto usiku na vidole vina ganzi. Mchana akikaa sana, vifundo vya miguu vinavimba mpaka viatu vinambana.

Ana kisukari na ametumia metformini miaka 9. Nimesoma kwamba dawa hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12, na upungufu wake nao huleta ganzi kama ileile ya kisukari. Sasa nitajuaje ni kipi? Na vyakula vyenye B12 ndivyo hivyo hali: nyama na mayai aliacha zamani, samaki hagusi kabisa. Ila chumvi, hapo hasikii la mtu. Anaongeza mezani kabla hata hajaonja!

Mliouguza wazazi wenye hali hii, mlianza na kipimo cha B12 au kubadili mlo? Na kupunguza chumvi kulisaidia uvimbe, au niombe apimwe moyo na figo kabisa? Kliniki tunarudi wiki ijayo. Kidonda hana, namkagua nyayo kila jioni (analalamika namtekenya).