Wabunifu wa tovuti tupeane uzoefu: ulifikaje kwenye bei unayotoza leo?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za wakati huu. Mada hii ni ya sisi tunaotengeneza tovuti kwa kujitegemea, tusio na ofisi wala bosi wa kutupangia bei. Siombi orodha ya bei. Orodha nimezisoma nyingi na hazikunisaidia. Naomba kila mmoja asimulie ilivyokuwa: kazi ipi ilikupa hasara, na baada ya hapo ulibadilisha nini. Naanza mwenyewe.

Mwaka 2019 nilipata kazi ya kliniki moja ya meno huku Tabata. Daktari akaniuliza, "Kijana, shilingi ngapi?" Kichwani nilikuwa na laki sita. Nikamtazama usoni, nikaona atakimbia, mdomo ukatamka laki tatu, domeini (jina la tovuti mtandaoni) na hostingi (nafasi ya kuihifadhi tovuti mtandaoni) ya mwaka mzima vikiwa humohumo. Akakubali palepale bila hata kuomba punguzo.

Nilikuwa na daftari la kuandikia saa ninazokaa kwenye kazi. Mpaka nakabidhi zilikuwa zimefika 92. Domeini ya .co.tz na hostingi vilikula 130,000. Bando, na nauli za kufuata maelezo ambayo daktari kila siku alisema atayaandika kesho, 40,000. Nikabaki na 130,000. Ukigawa kwa saa 92 unapata kama shilingi 1,400 kwa saa. Siku hizohizo kulikuwa na fundi anapaka rangi kliniki ileile. Yeye alilipwa ufundi 25,000 kwa siku, na chakula cha mchana juu. Nikamuuliza bei yake anaipataje. Akasema anaanza kwa kupima ukuta, halafu ndipo anataja. Mimi nilikuwa nimetaja kabla sijapima chochote.

Nikakaa chini nikapiga hesabu. Kodi ya chumba, chakula, umeme, bando, pesa ya nyumbani kwa wazazi, na akiba ya kununua kompyuta nyingine hii ikifa: 1,200,000 kwa mwezi. Saa ninazofanya kazi kwa mwezi ni zaidi ya 160, lakini zinazolipwa hazizidi 80. Zilizobaki zinaishia kutafuta wateja, kuandika proforma, yaani karatasi ya bei kabla ya kazi, na kukumbushia madeni. Kwa hiyo saa moja ni 15,000. Nikaongeza kwa ajili ya kodi ya serikali na ile miezi ambayo simu haiiti, ikafika 20,000. Tovuti ya kurasa tano kwangu ni saa 40 hadi 50, kwa hiyo 800,000 hadi milioni moja. Mteja simtajii saa, namtajia bei ya kazi nzima. Saa ni za daftari langu, zinazuia mdomo usiteleze tena.

Karibuni, tiririkeni.

Mdau, Mwanza

Mkuu, kilichoniumiza mimi ni undugu. Shemeji yangu ana shule binafsi. Akaja nyumbani na familia, tukala vizuri, wakati wa kuaga akasema, "Shemeji, nisaidie katovuti kadogo." Huyo ni kaka wa mke wangu, ningemtajia bei nikiwa nimesimama mlangoni? Nikafanya bure.

Kuitengeneza haikunisumbua, ilichukua wiki mbili. Ubure uliendelea miaka mitatu. Kila Januari fomu za kujiunga zinabadilika, matokeo yakitoka anataka yapandishwe usiku huohuo, mwalimu akihama picha yake itolewe. Siku tovuti ilipoingiliwa na wadukuzi ikaanza kuonyesha matangazo ya kamari, nilipigiwa simu kwa ukali kama mwajiriwa aliyetoroka zamu. Siku hiyo iliniuma sana, na nyumbani pia hapakuwa na amani.

Sasa nafanya hivi. Hata kwa ndugu naandika proforma yenye bei kamili, kisha chini naweka mstari wa "punguzo la undugu" na kiasi chake. Anaona kabisa kwamba kazi ya 700,000 ameipata kwa 400,000 kwa sababu ni shemeji. Matunzo nayatenga na utengenezaji: 50,000 kwa mwezi, na nimeandika yaliyomo ndani yake, yaani kusasisha WordPress (mfumo ninaojengea tovuti) na plagini (programu zake za nyongeza), kuhifadhi nakala, na mabadiliko yasiyozidi saa mbili. Asiyetaka matunzo anasaini kwamba hataki. Shemeji analipa sasa, na bado tunakula pamoja.

Mdau, Arusha

Huku kwetu wateja wengi ni kampuni za utalii, na wao ni watu wengine kabisa. Nilianza na dola 600 kwa tovuti, nikidhani nimepata. Nilisaini "tovuti ya kampuni ya safari" bila kuandika idadi ya kurasa. Ikaja ratiba ya safari ya siku tatu, ya siku tano, ya siku saba, kisha njia za kupanda Kilimanjaro, Machame peke yake, Lemosho peke yake, Marangu, halafu Zanzibar baada ya mbuga. Ratiba 34, kila moja na picha zake za megabaiti kumi kumi za kupunguza moja moja. Baadaye akaniambia wageni wake wengi ni Wajerumani, kwa hiyo kila kitu kiwe na Kijerumani pia.

Tangu hapo natoza msingi wa tovuti, halafu kila ratiba ina bei yake, na kila lugha ya ziada ni asilimia juu ya jumla. Malipo ni nusu kabla sijafungua kompyuta, asilimia 30 muundo ukikubaliwa, 20 kabla ya kuipeleka hewani. Jambo jingine ni msimu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wenye kampuni wana muda wa kukaa na wewe lakini mfuko umekauka. Juni hadi Oktoba pesa ipo, ila hawapokei simu. Mimi nasaini masika na kupanga awamu kubwa iangukie Julai. Nimeacha kupoteza wateja kwa sababu ya tarehe tu.

Na wenzangu mliozoea kuandika dola kwenye proforma za wateja wa ndani: tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni hapa nchini. Hata kama mteja anapokea dola kwa wageni, sisi kwa sisi ni shilingi. Niliandika upya mikataba yangu yote.

Kuhusu saa, kwa hapo mleta mada tunatofautiana. Kampuni inayouza safari moja ya watu wawili kwa maelfu ya dola, tovuti yangu ikiiletea wageni wawili tu imeshajilipa. Kwa nini nijipunje kwa kuhesabu saa?

Mdau, Mombasa

Ndugu wa Arusha, hapo mimi nakataa. Ukianza kupima mfuko wa mtu, kesho wateja wawili watakutana harusini wataje bei zao, na jina lako liishe mji mzima. Mombasa ni ndogo. Kazi ileile, bei ileile.

Langu ni la kodi. Nilimpa mteja, kampuni ya kusafirisha mizigo, bei ya shilingi 60,000 za Kenya. Ikaingia 57,000. Nikakasirika, nikapiga simu, nikasema maneno ambayo hadi leo najutia. Mhasibu wao, mama mtu mzima, akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 5. Hatujakula pesa yako. Ingia iTax utaona cheti chako." Nikaingia humo, kwenye tovuti ya mamlaka ya mapato ya Kenya, kweli nilikiona, na nilipofanya ritani mwisho wa mwaka ile 3,000 ilihesabiwa kama kodi niliyokwisha kulipa. Nilirudi ofisini kwake kumwomba radhi. Ukipanga bei kwa kampuni, jua kwamba mkononi itafika pungufu, ujipange usiku wa mwisho wa mwezi usikukute unaitegemea yote.

Mleta mada

Asante sana kwa hilo. Hata huku Tanzania kampuni na mashirika yanakata asilimia 5 kwenye huduma na kuipeleka TRA. Dai cheti chako. Watu wengi wanaiacha hiyo pesa kwa kutojua.

Mdau, Dodoma

Mimi nilianzia kwa wateja wa nje, kwenye Upwork, soko la kazi za mtandaoni, mwaka 2020. Nikaweka dola 5 kwa saa ili nionekane. Nilionekana, ila na watu wanaotafuta dola 5 kwa saa. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa dola 200, na miaka ile walikata asilimia 20 kwenye dola 500 za kwanza za kila mteja. Ikabaki 160, ikapita Payoneer, huduma ya kupokea pesa kutoka nje, ikapita benki, kila mlango na ada yake. Nilipandisha kidogo kidogo: kila nikimaliza kazi tatu zenye maoni mazuri naongeza dola 3. Nilipofika 20 wateja wasumbufu walipungua wenyewe.

Mdau, Kariakoo (mimi ni mteja)

Samahanini kuingilia, mimi siyo mtaalamu, nauza vitenge na mashuka. Niliwaomba bei watu watatu. Mmoja 150,000, wa pili 700,000, wa tatu 2,500,000, wote kwa ujumbe wa mstari mmoja. Mlitaka niamue vipi? Nikamchukua wa 150,000 kama ambavyo yeyote angefanya.

Baada ya mwaka tovuti ikazimika. Kijana hapatikani. Nikaja kuambiwa domeini aliisajili kwa jina lake na baruapepe yake, kwa hiyo hata jina la duka langu halikuwa langu. Mabango nilikuwa nimeshachapisha, mifuko nimeshachapisha. Nililia, sina haya kusema.

Niliyemchukua baadaye hakutaja bei siku ya kwanza. Alikuja dukani akakaa kwenye kigoda saa nzima. Aliuliza nina bidhaa ngapi, nani atapiga picha, bei zinabadilika mara ngapi, wateja wa mikoani wanalipaje, mzigo unatumwa kwa basi gani. Kesho yake akaniletea karatasi: hiki bei hii, hiki bei hii, na domeini kwa jina langu na TIN yangu. Jumla 1,300,000. Nililipa kwa awamu tatu bila kubishana. Kumbe siku zote nilikuwa tayari kulipa, nilikuwa sijaelezwa ninalipia nini.

Mleta mada

Mama yangu, pole sana, na asante kwa kuja. Sisi wote tulioandika hapa tulikuwa tunajiuliza mteja anaona nini, umetueleza.

Mdau, Morogoro

Wakuu shikamooni. Nipo mwaka wa tatu chuo, kuna mtu wa duka la vipuri vya pikipiki yupo WhatsApp muda huu anauliza "bei gani tovuti ya kuuzia". Nilikuwa naandika 250,000 nikakutana na mada hii. Nimjibuje?

Mleta mada

Marahaba. Futa hiyo namba kwanza. Mshukuru, mwambie utampa bei kesho jioni baada ya kuelewa duka lake. Kisha muulize maswali ya yule kijana wa kigoda: bidhaa ngapi, picha nani, malipo kwa njia gani, nani ataingiza bei zikibadilika. Ukiweza nenda dukani. Muulize pia kama domeini anayo tayari, na imesajiliwa kwa jina la nani.

Mdau, Arusha

Na kianzio. Usiguse kazi bila kianzio, mdogo wangu.

Mdau, Morogoro

Amejibu. Ana vipuri 240, vingine vinafanana kasoro namba tu, na hana picha hata moja. Alidhani picha nitazitoa mimi "huko mtandaoni".

Mleta mada

Piga picha za vipuri kumi, hesabu dakika ulizotumia, kisha zidisha kwa 24. Hiyo iwe sehemu ya kwanza kwenye karatasi yako, na bei yake peke yake.

Mdau, Morogoro

Naenda dukani kesho saa tatu asubuhi. Nitaleta mrejesho.