Anaripoti Mlimani wiki ijayo, ashukie wapi?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anaripoti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, baba anamsindikiza. Hawajawahi kufika. Nini cha kuzingatia?

Jibu 1
Salama, mkuu. Kwanza aangalie amepangiwa bweni gani. Kama ni Mabibo, lile liko nje ya kampasi, asipandishe mizigo mlimani bure. Kama ni ndani, wapande daladala inayoingia Chuo Kikuu. Wageni wengi husikia "Mlimani" wakashuka Mlimani City. Pale ni madukani, kando ya Barabara ya Sam Nujoma, na kutoka hapo na begi kichwani ni kupanda kilima juani.

Jibu 2
Alama nzuri ya kukutania ni Ukumbi wa Nkrumah. Mzee ataujua: ndio ule uliochorwa nyuma ya noti ya 500 ya mwaka 2010. Avae viatu vya kutembelea, maana kampasi ni miteremko na ngazi, na kati ya kipindi na kipindi umbali unachosha.

Jibu 3
Chakula kisikae kwenye mfuko mkononi. Tumbili wa pale wanaujua mlio wake. Mmoja anashuka mtini, anauchana chini, ndizi zimekwenda. Kiwekwe ndani ya begi, zipu ifungwe.

Na wapite maktaba mpya, iliyofunguliwa 2018. Inapendeza mno, mzee atafurahi kuiona.