Mtoto kakatwa alama kwa kuandika "was brought". Mwalimu yuko sahihi?

Mama wa Makorora
Assalaam aleikum wana Tanga. Mwanangu yuko kidato cha pili. Wamepewa insha ya Kiingereza juu ya familia, akaandika: "My grandfather was brought to Tanga to cut sisal", yaani babu yangu aliletwa Tanga kukata mkonge. Mwalimu kapiga mstari mwekundu chini ya "was brought", pembeni kaandika asitumie kauli ya kutendwa, na alama mbili zimekwenda. Marehemu baba yangu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, katolewa Songea. Naomba mnijibu kwa haki: mtoto afundishwe kwamba kauli ya kutendwa ni kosa?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni
Waaleikum salaam mwanangu. Si kosa hata kidogo. Kitenzi "be" kikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi kingine, lile la mwisho kwenye "bring, brought, brought", sarufi imetimia. Mtihani wa taifa wenyewe humtaka mtoto ageuze sentensi ya kutenda iwe ya kutendwa. Inakuwaje kwenye insha igeuke dhambi? Huyo mwenzangu kachanganya sarufi na mtindo.

Kijana wa Ngamiani
Mzee shikamoo, lakini hapo sikubali. Waingereza wenyewe wanaikataza. Mwandishi wao George Orwell aliandika mwaka 1946: usitumie kutendwa pale unapoweza kutumia kutenda. Kauli hiyo inaficha watu. Rais Reagan wa Marekani mwaka 1987, kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri inamuwakia, kasimama mbele ya Bunge lao akasema "serious mistakes were made", makosa makubwa yalifanywa. Nani aliyekosea? Hakumtaja. Na huku kwetu kila siku: "imeamuliwa", "maji yatakatwa", "fedha zimetumika vibaya". Mwalimu wa huyo mtoto anajenga raia anayetaja majina.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni
Marahaba. "Zimetumika" si kutendwa, hiyo ni kutendeka. Kioo kimevunjwa, yupo aliyekivunja. Kioo kimevunjika, mvunjaji hayumo kabisa. Mwingereza hapo husema "the glass broke", na kwa sarufi yake hiyo ni kauli ya kutenda! Anayetaka kumficha mtu hahitaji kutendwa. Na huyo Orwell, sentensi ya kwanza kabisa ya makala yake hiyo ina "it is generally assumed", yaani inadhaniwa kwa jumla. Nani anayedhani?

Kijana wa Ngamiani
Umenirukia kwenye neno moja, Reagan umemkwepa. Mimi nasema lugha inalea tabia. Tazama Kiswahili: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Ndiyo maana dada zetu wanakaa kusubiri kila kitu wafanyiwe.

Shangazi wa Raskazone
Ala! Nani anasubiri kufanyiwa? Mimi nimeolewa mwaka wa 26 huu. Mahari niliulizwa mimi na nikataja mimi, na nisingeridhia pasingekuwa na ndoa. Nyumba tunayolala nimeijenga kwa maandazi na mihogo ya nazi. Hiyo herufi moja ya "w" ndiyo ikufanye uwatukane mama zako?

Kijana wa Ngamiani
Shangazi sijamtukana mtu. Nimesema lugha.

Shangazi wa Raskazone
Lugha haina mdomo. Umesema wewe.

Mpemba wa Barabara ya Nane
Shangazi ana haki yake. Kuna na "kuoana", mbona hiyo kijana kairuka? Lakini na Kiingereza tukitazame: "she married him" ni sawa, "he married her" ni sawa. Wale hawana mwoaji na mwolewaji.

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni
Na hapo ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakiumia. Wanaandika "my mother was married by my father", wakitafsiri "aliolewa na baba". Msomaji Mwingereza ataweza kudhani baba ndiye aliyekuwa sheikh au padri, kwa sababu "married by" humtaja pia aliyefungisha ndoa. Mwalimu akipiga mstari mwekundu hapo nitamuunga mkono.

Muuza Vifaa, Mkwakwani
Mimi niliumia kwenye "I was stolen my phone". Nilimwandikia bosi hivyo, kwenye kazi yangu ya zamani, akaisoma mbele ya ofisi nzima watu wakacheka. Sijasahau mpaka leo. Kwani nimeibiwa simu si ndivyo ilivyo?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni
Pole sana, na aliyekucheka hakujua ulichokuwa unakifikiria. Kiswahili humweka mbele mtu aliyepatwa: nimeibiwa, nimefiwa, nimenyeshewa. Mtu anafiwa na mzazi, kauli ya kutendwa kutoka kwenye "kufa"! Kiingereza hakiwezi, "die" hakina kutendwa. Kwenye wizi huweka mbele kitu: "My phone was stolen." Na ona, hata Mwingereza hapo anachagua kutendwa, maana mwizi hajulikani na habari ni ya simu.

Mama wa Makorora
Jamani, insha ya mwanangu.

Kijana wa Ngamiani
Mama, jibu ni jepesi. Aandike "A sisal company brought my grandfather to Tanga". Mtendaji katajwa, alama zinarudi.

Mama wa Makorora
Kampuni ipi? Baba alipewa namba na mkataba asioweza kuusoma. Maisha yake yote hakusema "nilikuja Tanga". Alisema "nililetwa". Mtoto kaandika neno la babu yake kama lilivyo, na ndilo lililopigwa mstari.

Mpemba wa Barabara ya Nane
Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikiitwa SILABU. Huenda ndio hao.

Mama wa Makorora
Ahsante kaka. Lakini hata nikiwajua, insha ni ya babu yake. Kwa nini sentensi ianze na wao?

Mwalimu Mstaafu, Chumbageni
Mwanangu, nenda na daftari Jumatatu, ukamwambie mwalimu maneno hayo hayo. Aliyetangulia kwenye sentensi ndiye anayezungumziwa, na kutendwa kumewekwa kwa ajili hiyo. Kisha mkumbushe kitabu cha historia kinavyofundisha kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893. Aliyeuleta, Mjerumani Richard Hindorf, anatajwa kwa jina. Waliokuja kuukata wakaitwa namba.

Kijana wa Ngamiani
Msinifanye adui wa manamba. Babu yangu mimi alitoka Kigoma, naye alikata mkonge. Ila yeye hakuletwa na mtu, alikuja kwa miguu yake kutafuta pesa ya kodi.

Mama wa Makorora
Kodi hiyo alidaiwa na nani?

Kijana wa Ngamiani
Na serikali ya Mwingereza.

Mama wa Makorora
Basi na wako aliletwa, mdogo wangu.

Kijana wa Ngamiani
Hapo sina neno, dada. Daftari lipelekwe.

Shangazi wa Raskazone
Lipelekwe na nani? Sema "lipeleke". Na mimi bado hujaniomba radhi.