Tableti ya kuandikia noti itanifaa huku Mtwara?

Habari zenu wakuu, nipo mwaka wa pili chuo hapa Mtwara, mvua ya juzi imelowesha madaftari yangu yote kurasa zimegandana wino umetapakaa hadi nimelia, sasa mjomba kauza korosho anataka kuninunulia tableti ya kuandikia kwa kalamu, nichukue ipi na umeme wetu huu wa kukatika katika?

Jibu: Pole sana dada. Tafuta zile za wino wa kielektroniki (skrini inayofanana na karatasi), mfano reMarkable 2 ya 2020 au Kindle Scribe ya 2022, skrini yake inakula chaji hasa pale maandishi yanapobadilika, yakitulia haili karibu chochote, ndo maana inakaa hata wiki kadhaa, na kalamu zake hazichajiwi kabisa.

Jibu: Naongezea hapo, reMarkable 2 haina taa, umeme ukikata usiku huoni kitu. Scribe inayo, chukua hiyo.

Jibu: Zote bei kubwa jamani. Mie nipo Lindi, kila jioni napiga picha kurasa za siku hiyo napandisha Google Drive, sijapoteza hata moja.

Muulizaji: Asanteni sana, mjomba namwambia Scribe ila picha naanza leo leo.