Mjadala: mbwa jukwaani achezwe na mwanamke, au tumvalishe mwanaume manyoya?

Jamani naomba mawazo yenu, kikundi chetu cha maigizo hapa Arua, Uganda, kimegawanyika. Tunafanya Sylvia, komedi ya A.R. Gurney wa Marekani, ilianza New York 1995. Mzee amechoka na kazi, anaokota mbwa bustanini anamleta nyumbani, mke hamtaki, ndoa inayumba. Sasa huyo mbwa anachezwa na mwanamke, tena anaongea, wa kwanza alikuwa Sarah Jessica Parker. Hapo ndo kelele zimeanzia.

Wamama wawili kikundini wanasema huku kumwita mtu mbwa ni tusi la kupelekana kwa LC (baraza la mtaa), sembuse kumfunga binti wa watu kamba shingoni mbele ya wakwe zake. Eti tumtafute kijana, tumvalishe manyoya, yaishe.

Mi nakataa. Juzi kwenye mazoezi binti karuka kwenye kochi, kaweka kichwa kwenye paja la mzee, mke kaingia na mfuko wa sokoni kasimama tu mlangoni, nyanya zinadondoka moja moja. Mama muuza chapati alikuwa anachungulia dirishani, akapiga kelele, "Huyo si mbwa, huyo mke mwenza!" Tukacheka mpaka basi. Yule mama kalielewa igizo kuliko sisi. Weka mwanaume mwenye manyoya uone kama huo wivu utabaki, watoto watacheka mkia basi. Na mbona rafiki wa mke anachezwa na mwanaume kwenye gauni, ndivyo Gurney alivyopanga, hamkusema kitu?

— Mwenye mada, ya mke mwenza nimekubali ila kamba toa. Mi Muislamu, kinachonikera hata si mwanamke, ni mbwa kwenye kochi! Mbwa anakaa getini anafukuza wezi.

— Kaka, si ndo kilio cha mke hicho hicho! Yaani uko upande wake na tiketi hujanunua. Kamba tutaangalia, ila maneno tusiguse ovyo, Gurney alifariki 2017 na haki bado zina wenyewe, hata tafsiri ya Kiswahili tumeomba ruhusa tunasubiri jibu.

— Na binti mwenyewe anasemaje?

— Aisee hakuna aliyemuuliza mpaka jana. Kasema kamba haimsumbui, shida yake magoti, sakafu ya ukumbi ni simenti tupu, anataka zile pedi za wacheza voliboli.