Bolti za feni ya Massey 135, M8 inaingia kidogo halafu inakwama

mkulima_kimilili
Wadau habari zenu. Niko na Massey Ferguson 135 ya mzee, ile ya Perkins silinda tatu, iko Kimilili na msimu wa kulima ndio huu, wateja wanapiga simu tu. Bolti moja ya feni, zile zinashika feni kwa puli ya wota pampu, ilikatika tukiwa shambani, bahati tu feni haikufika kwa rejeta. Kufungua napata zilizobaki hazifanani, ingine spana 13 inashika sawa, ingine hiyo hiyo 13 inacheza, urefu nao kila moja na wake. Nimenunua M8, yaani bolti ya milimita 8, hadiwea ya hapa, inaingia raundi mbili hivi na vidole halafu inagoma. Fundi anasema tulazimishe na spana itajitafutia njia. Hii ni saizi gani na naipata wapi?

spana_ya_nusu
Usilazimishe!! Hiyo trekta ni ya Muingereza, ilianza kutoka 1964, mambo yake ni inchi. Hata injini yenyewe ni AD3.152, hiyo 152 ni inchi za ujazo. Bolti yako karibu hakika ni 5/16. Sasa 5/16 ni milimita 7.94 na M8 ni 8, kwa macho ni kitu kimoja, ndio maana mwenye hadiwea anakupea M8 na roho safi kabisa. Nyuzi ndio haziendani. Chukua zile nzee, panguza mafuta, weka kando ya rula ya inchi uhesabu: nyuzi 18 kwa inchi ni UNC, yaani uzi mpana wa inchi, 24 ni UNF, uzi mwembamba wa inchi, ikikuja kama 20 hiyo ni M8 mtu alitwanga hapo zamani. Zikiwa fupi hesabu nusu inchi, 9 ama 12. Na hesabu zote, usiamini moja. Kichwa cha 5/16 huwa cha spana ya 1/2, yaani 12.7, ndio unaona 13 inacheza.

landi_nakuru
Mnamsumbua mkulima bure. Mimi ningepitisha tapu ya M8, kile chuma cha kukata nyuzi, kwa matundu yote, nafunga, naenda kulima.

spana_ya_nusu
@landi_nakuru tapu ya M8 juu ya nyuzi za 5/16 zinakatana zenyewe kwa zenyewe, unabaki na uzi nusu nusu. Itashika leo, itetemeke wiki moja, halafu feni imo ndani ya rejeta. Bei ya rejeta unaijua. Kama kuna tundu limeshakufa peleka puli kwa fundi wa leti aweke koili ya uzi, ile springi ya nyuzi mpya inakaa ndani ya tundu, saizi ibaki ile ile.

jirani_wa_kibuye
Za inchi mimi huzipata Kibuye hapa Kisumu kwa wale wa jua kali wanauza mitumba ya bolti, ukikosa tuma mtu Kirinyaga Road Nairobi. Nenda na ile nzee mkononi na nati yake kama iko, jaribu hapo hapo kabla hujatoa pesa. Angalia kichwa pia: mistari mitatu ni gredi 5, hiyo inatosha, sita ni gredi 8. Ikiandikwa 8.8 ujue ni ya milimita hata muuzaji aape. Isiyo na alama yoyote wachia wa kufunga milango.

mama_trekta
Mbona hakuna ameuliza kwa nini ilikatika? Kaka, zima injini, legeza belti, shika feni ncha mbili utikise mbele na nyuma. Ikicheza beringi ya wota pampu imeisha na hata ukiweka bolti za dhahabu zitakatika. Angalia pia nyufa kwa feni pale kwenye matundu. Ukifunga badilisha zote pamoja, urefu mmoja na springi washa mpya, kwa sababu ikiwa moja ni ndefu feni inapoteza balansi, na ikizidi sana inatokea nyuma ya puli ikwaruze pampu.

mkulima_kimilili
Asanteni sana wakuu. @mama_trekta nimetoka kuitikisa sasa hivi na tochi, inacheza, na kuna alama ya maji imekauka chini ya pampu. Nyuzi nitahesabu kesho kukiwa na mwanga. Kuna mwenye anajua kit ya kurepea hiyo wota pampu, ile seti ya vipuri, inauzwa ngapi siku hizi?