Mrejesho: lundo la mboji lililokuwa likinuka, Kisumu

Asanteni sana. Niliuliza kwa nini mabaki ya ugali, sukuma na samaki ya tamasha letu yalioza badala ya kuwa mboji. Kosa lilikuwa kuchanganya magugumaji mabichi (mimea inayoelea ziwani): karibu asilimia 95 yake ni maji, yakashikana na kuziba hewa. Sasa tunayaanika hadi yakatike kwa mkono, kisha tunachanganya ndoo moja ya mabaki kwa tatu za magugu makavu na maranda. Samaki huzikwa katikati, sentimita 30 ndani, la sivyo mbwa hufukua. Lundo la mita moja kila upande lilifika nyuzi joto 60 za Selsiasi. Likishuka chini ya 50 tunaligeuza. Harufu imekwisha kabisa! Shida iliyobaki ni vijiko vya plastiki vinavyotupwa pamoja na mabaki, hasa pipa likikosa msimamizi.